Kheni: Kuchagua na Kutunza Kinanda cha Mianzi cha Walao

Kheni ni kinanda cha mdomo cha Walao, chenye mirija ya mianzi iliyopangwa safu mbili na kupenyezwa katika kipande kimoja cha mbao kilichochongwa uwazi ndani. Mpigaji hukishika kipande hicho kwa viganja viwili, akaweka midomo kwenye tundu lake, kisha akapuliza na kuvuta pumzi huku vidole vikiziba na kuachia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye mirija. Kheni ya kawaida ina mirija 16, minane kila upande, na urefu wake hukaribia mita moja. Zamani zilikuwapo ndefu zaidi. Wasafiri wa karne ya 19 waliona kheni zilizopita mita 2, na baadhi zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho.

Anayetaka kuchagua kheni nzuri hana budi kujua kwanza sauti yake inatoka wapi, kwa sababu karibu kila kasoro ya chombo hiki imefichika mahali ambapo jicho halifiki. Ndani ya kile kipande cha mbao, ambacho hapa kitaitwa kichwa, kila mrija una dirisha dogo ubavuni. Juu ya dirisha hilo kimebandikwa kibati chembamba cha shaba iliyochanganywa na fedha, na katikati ya kibati kumekatwa kilimi: pande tatu zimeachanishwa, upande wa nne umebaki umeshikana. Hewa inapopita, kilimi hutikisika ndani ya nafasi yake. Na kwa kuwa kimelala sawasawa na kibati, wala hakikuinuka upande mmoja, hutikisika vilevile hewa ikiingia au ikitoka. Noti ile ile hupatikana kwa kupuliza na kwa kuvuta pumzi, ndiyo sababu muziki wa kheni unaweza kwenda dakika nyingi bila kukatika.

Mashariki ya Afrika kilimi cha jamii hii kinafahamika sana, ila kimejificha ndani ya chombo kingine. Kodiani inayosikika katika taarab ya Unguja huimba kwa vilimi vya metali vinavyotikiswa na hewa, na harmonika ndogo ya mfukoni ni hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kilimi cha kodiani hukubali hewa ya upande mmoja tu, hivyo kila noti inahitaji vilimi viwili. Kodiani ilipata hataza Vienna mwaka 1829 kwa jina la Cyrill Demian. Vinanda vya mdomo vya Asia vilikuwa vimetangulia kwa karne nyingi. Sheng ya China, sho ya Japani na qeej ya Wahmong ni ndugu wa kheni, na wapigaji wa vinanda vya namna hiyo wanaonekana katika sanaa ya shaba ya utamaduni wa Dong Son, kaskazini mwa Vietnam, ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Jambo la pili humshangaza aliyezoea filimbi. Kwenye kheni, tundu likiwa wazi mrija unakaa kimya. Likizibwa, mrija unalia. Tundu lililo wazi huvuruga safu ya hewa iliyomo ndani ya mwanzi, na kilimi kikikosa safu ya hewa ya kuitikiana nacho hakitoi sauti. Jambo la tatu ni kwamba urefu wa mrija unaoonekana kwa nje si urefu unaolia. Fundi hukata nafasi mbili kwenye kila mwanzi, moja juu ya kichwa na nyingine chini yake, katika upande unaoelekea safu ya pili ili zisionekane. Hewa inayolia ni ile iliyo kati ya nafasi hizo mbili. Sehemu zinazobaki juu na chini zipo kwa ajili ya umbo zuri linaloteremka ngazi kwa ngazi, kuanzia jozi ndefu iliyo karibu na mpigaji hadi jozi fupi ya mwisho.

Makao ya kheni ni bonde la Mekong: nchi ya Laos, na ng'ambo ya mto eneo la Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, ambako Walao ni wengi kuliko waliopo Laos yenyewe. Kazi yake kuu ni kumfuata mwimbaji. Uimbaji wa kusini na kati mwa Laos, na wa Isan, huitwa lam. Wa kaskazini huitwa khap. Mwimbaji ni mor lam na mpigaji ni mor khaen, na katika mashindano ya usiku kucha mpigaji mmoja huweza kuwabeba waimbaji wawili, mwanamume na mwanamke wanaojibizana kwa mafumbo na mizaha ya mapenzi. Peke yake kheni huiga pia mambo ya dunia. Kuna vipande mashuhuri vinavyoiga nyuki bungo akizunguka maua, na kimoja kinachoiga garimoshi likiondoka stesheni, ambacho wapigaji wa Isan hukipenda pengine kupita kiasi.

Sauti hii ilivuka mpaka wa Walao mapema. Katikati ya karne ya 19 iliingia Bangkok na kupendwa hata katika jumba la kifalme: Pinklao, mfalme wa pili wa Siam (Thailand ya leo), alikuwa mpenzi wake mkubwa. Kaka yake Mongkut, aliyekuwa mfalme mkuu, hakuipenda, na mwaka 1865 alitoa amri ya kukataza maonyesho yake, akiyahusisha na ukame na kudharauliwa kwa muziki wa Kithai. Amri hiyo haikuiua. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza muziki wa kheni wa Walao katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kwa mnunuzi, historia hiyo ina maana moja iliyo wazi: kheni bado zinatengenezwa na mafundi wa vijijini kwa ajili ya wapigaji wanaozitumia kila wiki. Kijiji cha Si Kaeo katika mkoa wa Roi Et, Isan, kimejulikana kwa miongo mingi kama kijiji cha mafundi wa kheni.

Mianzi inayofaa ni myembamba, ya ukubwa wa kidole hivi, yenye ukuta mwepesi na pingili ndefu. Hukatwa ikiwa imekomaa, ikakaushwa, ikanyooshwa kwa joto la moto, na vifundo vya ndani vikatobolewa kwa chuma cha moto ili hewa ipite moja kwa moja. Kichwa huchongwa kwa mti mgumu, mara nyingi kwa shina la chini au mzizi wa mti wa jamii ya mninga, kisha mirija hupenyezwa na mapengo yote kuzibwa kwa khisut. Hiyo ni nta nyeusi yenye kunata inayopatikana kwenye viota vya nyuki wadogo wasiouma. Inakuwa laini ikifinyangwa kwa vidole, haikauki upesi ikapasuka, na inaweza kubanduliwa na kurudishwa mara nyingi. Nta ya mshumaa na gundi za dukani haziwezi kufanya kazi hiyo. Mwisho mirija hufungwa pamoja kwa mikanda ya nyasi ngumu sehemu mbili tatu.

Vilimi ndivyo vinavyomtofautisha fundi na mchongaji wa kawaida. Zamani metali yake ilitoka kwenye sarafu zilizoyeyushwa na kufuliwa mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Shaba ikizidi, kilimi huwa kigumu na hudai pumzi nyingi; fedha ikizidi, hulainika mno na sauti huyumba. Kipimo kinachofaa hujulikana kwa mkono na sikio, na mafundi hawakigawi ovyo.

Kheni hutajwa kwa idadi ya jozi za mirija. Yenye jozi tatu ni ndogo, ya watoto na ya kuuzia wageni. Yenye jozi saba ilitumika sana zamani. Yenye jozi nane ndiyo inayotawala leo, na anayeanza hana sababu ya kununua nyingine. Ile ya jozi tisa ni nzito na humfaa mzoefu. Mirija 16 ya jozi nane hutoa sauti 15 tofauti katika oktava mbili za skeli ya noti saba, sauti moja ikirudiwa pande zote mbili ili vidole vya mkono wowote viipate kwa urahisi. Kwa hiyo mnunuzi anayekuta mirija miwili inalia sawasawa asidhani amepunjwa.

Baada ya idadi ya mirija huja ufunguo. Kheni haibadilishi ufunguo wake. Alivyoilinganisha fundi ndivyo itakavyobaki. Mwimbaji mwenye sauti nzito huhitaji kheni ndefu yenye sauti za chini, na mwimbaji wa kike mara nyingi hulingana na iliyo juu kidogo, ndiyo maana mor khaen anayefanya kazi na waimbaji wengi huwa na kheni kadhaa. Anayejifunza peke yake atafanya vyema kuchagua inayoanzia noti ya A au G, kwa sababu mafunzo mengi yameandaliwa kwa ufunguo wa A ndogo (minor), na kwa sababu mirija yake haiwi mirefu kiasi cha kuchosha mikono. Swali la muhimu zaidi ni iwapo kheni itapigwa pamoja na gitaa, kinanda cha umeme au kodiani. Fundi wa kijijini hulinganisha kwa sikio, akichukua noti ya mwanzo kutoka kwenye kheni aliyoizoea. Mirija hupatana yenyewe kwa yenyewe, lakini chombo kizima huweza kuwa juu au chini kidogo ya vyombo vya umeme. Mwimbaji haoni tabu. Mpiga gitaa ataiona mara moja. Anayekusudia kucheza na bendi amwambie fundi mapema, naye atalinganisha kwa kipimo cha kisasa.

Majaribio yenyewe huanza kimya. Kheni ishikwe bila kuziba tundu lolote, kisha ipulizwe polepole. Inatakiwa isikike hewa tu. Mrija ukilia wakati tundu lake halikuzibwa kwa kidole, kilimi chake kimekaa vibaya au tundu limezibwa na uchafu. Inafaa kutazama kwanza kama kuna vidonge vya nta vilivyobandikwa juu ya matundu, kwa kuwa hiyo si kasoro: mpigaji huziba tundu moja au mawili kwa nta ili noti hizo zivume mfululizo chini ya wimbo, kulingana na lai anayoipiga. Lai ni mtindo wa noti ambao mpigaji hutungia papo kwa papo, na zinazofundishwa zaidi ni tano: yai, noi, sutsanaen, po sai na soi. Kheni iliyokuwa mikononi mwa mpigaji huuzwa ikiwa bado na vidonge hivyo, navyo hubanduliwa kwa ukucha.

Kisha kila mrija ujaribiwe peke yake kwa pumzi ndogo kabisa, ya mtu anayezungumza kwa sauti ya chini. Mrija mzuri huitika papo hapo, ukipulizwa na ukivutwa, na noti haibadiliki pumzi inapogeuka. Wauzaji hupenda kuonyesha kheni kwa pumzi ya nguvu, na kwa nguvu hiyo hata kilimi kibovu hulia. Kuchelewa kwa noti hujitokeza pumzi ikiwa ndogo. Mirija ya sauti za chini huchelewa kidogo kwa asili, kwa kuwa vilimi vyake ni virefu, lakini isizidi ile midogo kwa kiasi cha kuvunja mwendo wa muziki. Ikiisha mmoja mmoja, ijaribiwe miwili miwili yenye noti moja katika oktava mbili. Ikipatana, sauti husimama imara kama moja. Isipopatana, husikika mtetemo wa kupanda na kushuka, na kadiri mtetemo unavyokuwa wa haraka ndivyo tofauti ilivyo kubwa.

Uvujaji wa hewa huonekana kwa namna nyingine. Mpigaji akiishiwa pumzi mapema kuliko kawaida, hewa inapotea mahali. Mkono uliolowa maji kidogo ukipitishwa kuzunguka kichwa wakati wa kupuliza huhisi ubaridi panapovuja. Uvujaji kwenye nta ni jambo dogo linalorekebishwa dakika moja. Ufa kwenye mbao ya kichwa ni jambo kubwa, na kheni hiyo iachwe hata kama bei imeshuka.

Ufa kwenye mwanzi nao una daraja zake, na hapa ndipo zile nafasi mbili zilizofichwa zinapokuwa na faida kwa mnunuzi. Ufa ulio juu kabisa ya mrija, kupita nafasi ya juu, hausumbui sauti au huisumbua kidogo sana. Ufa ulio kati ya nafasi mbili, hasa karibu na tundu la kidole, huua noti. Muuzaji anayesema kwamba nyufa zote ni sawa hajui anachouza, au anajua vizuri sana. Mianzi itazamwe pia kama ina vitundu vidogo mviringo na unga mwepesi unaodondoka chombo kikigongwa kwa kidole. Huo ni uchafu wa wadudu watobozi, na kheni moja yenye wadudu huweza kuambukiza vyombo vyote vya mianzi na samani zilizo nyumbani.

Rangi, nakshi za kichwa na mng'ao wa vanishi havina uzito wowote katika uchaguzi. Masoko ya watalii ya Vientiane, Luang Prabang na Bangkok yana kheni zilizopakwa vizuri ambazo nusu ya mirija yake haina vilimi vinavyofanya kazi; ni mapambo ya ukutani na ziitwe hivyo. Kheni ya kazi mara nyingi ni rangi ya mwanzi mtupu, yenye alama nyeusi za nta na za moto wa kunyooshea. Kwa aliye mbali na Mekong, njia salama ni kununua kwa mpigaji au kwa mtu anayechukua moja kwa moja kwa fundi, na kumwomba arekodi kila mrija kwa zamu, kwa kupuliza na kwa kuvuta. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua vikali vitu vya mianzi vinavyoingia, kwa hiyo usafi wa chombo na kutokuwa na wadudu kunahusu forodha pia.

Ikishanunuliwa, adui wa kwanza wa kheni ni pumzi ya mwenyewe. Hewa ya kinywa ina joto na unyevu. Ikigusa kibati baridi, unyevu hugeuka matone, kilimi kikaelemewa na noti ikashuka au ikanyamaza. Wapigaji wa sho nchini Japani hukipasha joto chombo chao juu ya jiko dogo la makaa kabla na baada ya kupiga. Katika joto la Laos haja hiyo haipo, na kheni isipelekwe karibu na moto, kwani nta yake hulainika upesi. Mahali penye baridi yatosha kukumbatia kichwa kwa viganja dakika chache kabla ya kuanza. Kupokezana kupuliza na kuvuta husaidia pia, kwa sababu hewa kavu ya nje hupita juu ya vilimi. Mwanafunzi anayepuliza tu bila kuvuta huilowesha kheni yake katika muda mfupi.

Kinywa kisuuzwe kabla ya kupiga. Chakula kikuu cha Walao ni wali wa kunata, na chembe moja ya wali huo ikinasa chini ya kilimi noti hiyo imekwisha. Soda na chai yenye sukari ni mbaya zaidi, maana sukari hukauka juu ya metali na kukaribisha kutu ya kijani. Baada ya kupiga, kheni ivutwe pumzi mara kadhaa bila kuziba tundu, tundu la mdomo lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na chombo kiachwe wazi mahali penye kivuli na hewa kwa muda kabla ya kufungiwa. Kukifunga ndani ya mfuko wa plastiki kikiwa bado na unyevu ni kukiotesha ukungu.

Maji yasitumike kuisafisha kwa ndani kwa hali yoyote. Nje, kitambaa kikavu kinatosha. Mafuta ya kung'arisha mianzi hayahitajiki na huweza kutiririka hadi kwenye nta, na nta yenye mafuta haishiki.

Jua kali na gari lililoegeshwa mchana ni hatari mbili za nchi zenye joto: nta huyeyuka na kuteleza ndani ya kichwa, na ikifika kwenye kilimi kazi inakuwa ya fundi. Katika nchi za baridi hatari hugeuka. Nyumba inayopashwa moto wakati wa kipupwe ina hewa kavu mno, na mwanzi uliozoea unyevu wa Mekong hupasuka kwa urefu wake, wakati mwingine usiku mmoja. Kheni inayoishi huko huhitaji kukaa mbali na mashine ya joto, ndani ya kasha pamoja na kitu kinachotunza unyevu wa wastani, kama kile kinachowekwa kwenye kasha la gitaa. Kwa safari, mfuko wa kitambaa hulinda dhidi ya vumbi tu. Bomba la plastiki la mafundi wa maji, lililowekwa sponji pande mbili, hulinda mirija isikanyagwe wala kupinda. Kheni haisimamishwi kwa kuegemezwa ukutani, maana ikianguka hutua juu ya mrija mrefu kuliko yote.

Matengenezo mengine yako ndani ya uwezo wa mwenye chombo. Panapovuja, nta ile ile iliyopo husukumwa kwa kidole gumba kilichopata joto mpaka pengo lizibe. Kipande cha khisut cha akiba, kinachouzwa au kutolewa bure na fundi, kikae daima ndani ya kasha. Mrija ulionyamaza upulizwe na kuvutwa kwa pumzi fupi fupi tundu likiwa limezibwa. Mara nyingi chembe iliyonasa hutoka. Mikanda ya nyasi ikilegea, uzi wa pamba uliofungwa bila kukazwa sana huishika mirija hadi mikanda mipya ipatikane.

Kinachozidi hapo hudai mrija utolewe, na kazi hiyo inampasa anayejua. Mrija huvutwa taratibu baada ya nta kulainishwa, kilimi kikasafishwa kwa ncha ya karatasi nyembamba, na kama noti imepotea, metali ikakwanguliwa kidogo. Kukwangua karibu na ncha ya kilimi hupandisha sauti; kukwangua karibu na shina huishusha. Mkwaruzo mmoja uliozidi hauna marejeo, kwa kuwa metali iliyoondoka hairudi. Kheni inayopigwa karibu kila siku hurudishwa kwa fundi kulinganishwa upya kadiri vilimi vinavyochoka. Iliyowekwa kabatini miaka mingi huhitaji kazi kubwa zaidi: nta yake imekauka, vibati vimeshika kutu, na kabla ya kupulizwa kwa mara ya kwanza inafaa igongwegongwe kwa upole ikiwa imeinamishwa, ili vumbi na mizoga ya wadudu vitoke bila kuvutwa kinywani.